Mtutu mrefu au mfupi? Namna ya kuchagua urefu wa mtutu wa bunduki bila kufuata porojo

Wakuu, hili swali haliishi. Mtu anatafuta bunduki ya kuwindia au ya kupigia shabaha, akifika kwenye mtutu anaambiwa "chukua mrefu, mrefu ndo unalenga", hajakaa sawa anatokea mwingine anamwambia inchi 16 zinatosha kila kitu. Wote wawili wamesema nusu. Msimamo wangu nauweka mapema: urefu wa mtutu unakupa kasi na unakunyima wepesi, usahihi wenyewe kwa sehemu kubwa hautoki huko. Kwa hiyo unaanza na kazi unayotaka kuifanya na risasi utakayotumia, halafu unashuka mpaka kwenye mtutu mfupi kabisa unaoweza kuifanya kazi hiyo bila kulalamika. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua unapima nini

Unaweza kucheka lakini watu wengi hawajui mtutu wao una urefu gani, wanapima kile kinachoonekana nje ya mbao na kuishia hapo. Mtutu unapimwa kuanzia uso wa boliti (kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma) ikiwa imefungwa mpaka mwisho wa mdomo, yaani chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, nayo inahesabiwa.

Kabla ya yote toa magazini, vuta boliti nyuma, angalia chemba kwa macho, ingiza na kidole uguse kuhakikisha ni tupu, halafu rudia tena hata kama una uhakika. Ukishamaliza funga boliti, chukua kijiti cha kusafishia, kiingize taratibu kupitia mdomoni mpaka kiguse uso wa boliti, weka alama ya kalamu pale kinapotokeza, kitoe na ukilaze kwenye rula. Hiyo namba ndiyo urefu wa mtutu wako. Breki (kifaa cha kupunguza teke) au kizima mwako kilichofungwa mdomoni kwa nyuzi hakihesabiwi, kwa sababu risasi ikifika pale kazi ya kusukumwa imeshaisha.

Hapa kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakifikirii. Ganda la .308, risasi maarufu ya kuwindia na kupigia shabaha, lina urefu wa milimita 51. Kwa hiyo kwenye mtutu wa inchi 20, ambao ni milimita 508, risasi yenyewe inasafiri kama sentimita 46 tu, zilizobaki zimekaliwa na ganda. Ndo maana ukipunguza inchi mbili kwenye mtutu ambao tayari ni mfupi unaumia zaidi kuliko ukizipunguza kwenye mrefu.

Hatua ya 2: Andika umbali wako wa kweli

Usiandike umbali unaoutamani, andika ule ambao unapiga kweli. Mwindaji wa msituni anayemuona mnyama kwenye mita 60 au 100 hana haja sawa na mtu anayelenga bati kwenye mita 800. Ukishaandika hiyo namba, pembeni andika kaliba yako, yaani aina na ukubwa wa risasi ya bunduki yako. Hizo mbili zitajibu sehemu kubwa ya maswali yaliyobaki, na kama huwezi kuziandika basi bado hujafika wakati wa kununua, tulia kwanza.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kasi

Haya, hapa ndo penyewe. Baruti ikiwaka inatoa gesi, gesi inasukuma risasi, na shinikizo linafika kileleni mapema sana, risasi ikiwa imesogea sentimita chache tu. Baada ya hapo shinikizo linashuka ila gesi inaendelea kutanuka na kusukuma, kwa hiyo kila inchi inaongeza kasi lakini kila inchi inaongeza kidogo kuliko ile iliyotangulia. Kuna watu wanasema mtutu mrefu unahitajika ili baruti yote iwake, hapana, kwenye kaliba za kawaida sehemu kubwa ya baruti inakuwa imeshawaka mapema, kinachokupa kasi huko mbele ni gesi inayoendelea kutanuka. Na kwa wale wanaojaza risasi wenyewe, kwa kawaida baruti inayotoa kasi kubwa kwenye mtutu mrefu ndiyo hiyo hiyo inayotoa kasi kubwa kwenye mfupi, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha kila kitu eti kwa sababu umepunguza inchi nne.

Sasa ni kiasi gani? Kuna kanuni ya zamani ya kukadiria na bado inafaa kuanzia. Risasi inayotoka kwa kasi ya mita 760 hadi 915 kwa sekunde inapoteza kama mita 6 kwa kila inchi unayoondoa. Inayotoka kati ya 915 na 1065 inapoteza kama 9. Zile za kasi sana zaidi ya hapo zinaenda kwenye 12. Ni makadirio tu, na ukishuka chini ya inchi 16 hivi kwenye kaliba kubwa hasara inakuwa mbaya zaidi ya hapo.

Tuchukue .308 yenye risasi nzito ya shabaha. Mtutu wa inchi 24 tuseme unatoa mita 792 kwa sekunde. Shuka mpaka inchi 18, umeondoa inchi sita, umebaki kwenye 753 au 755 hivi. Umepoteza kama asilimia 5 ya kasi. Inatisha ukiiona kwenye karatasi, ila hebu ipeleke uwanjani: bunduki zote mbili zimerekebishwa zigonge katikati kwenye mita 100, ukipiga mita 300 ile ya mtutu mfupi itagonga chini zaidi kwa sentimita 6 hivi, na upepo wa kawaida wa pembeni utaisukuma sentimita moja au mbili zaidi ya mwenzake. Sentimita 6 unazimaliza kwa kuzungusha darubini mara moja. Kwa mwindaji wa mita 200 hizo inchi sita za chuma alikuwa anazibeba bure.

Lakini peleka hizo hizo bunduki mita 800 uone. Tofauti ya kushuka inakuwa zaidi ya nusu mita, na ubaya wenyewe hauko kwenye kushuka kwa sababu kushuka kunahesabika, ubaya uko kwenye upepo ambao unaukisia tu, na ule mpaka wa kasi ya sauti ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde. Risasi ikikaribia hapo inaanza kuyumba na makundi yanafunguka, yaani matundu kwenye shabaha yanatawanyika. Mtutu mrefu unausogeza huo mpaka mbele zaidi. Kwa mtu wa umbali mrefu inchi 24 au 26 si mapambo.

Kaliba zinatofautiana sana hapa kwa hiyo usichukue namba ya jirani. Ile .22 LR ina baruti kiduchu, ikifika inchi 16 hivi imeshamaliza kazi, na ukiongeza urefu msuguano unaanza kushinda gesi, risasi nyingine zinatoka taratibu kidogo kwenye mtutu mrefu kuliko mfupi. .300 Blackout ilitengenezwa makusudi kwa mitutu mifupi, inafanya vizuri hata kwenye inchi 9 au 10. .308 inavumilia, inchi 18 mpaka 20 inaishi nazo vizuri tu. 6.5 Creedmoor wengi wanaiweka kwenye 22 hadi 24. Halafu kuna magnamu kama 7mm Remington Magnum na .300 Winchester Magnum, hizi zina ganda kubwa lililojaa baruti inayowaka polepole, na kuziwekea mtutu wa inchi 18 ni kununua kelele na moto na teke halafu unapata kasi ambayo kaliba ndogo ingekupa kwa amani. Hizo zipe 24, zipe 26.

Mfano unaojulikana ni wa jeshi la Marekani. M16A2 yenye mtutu wa inchi 20 inatoa risasi ya 5.56 kwa mita 940 na kitu kwa sekunde, M4 yenye inchi 14.5 kwa risasi ile ile iko kwenye 900 au chini kidogo. Walijua wanapoteza kasi, wakaona kupanda na kushuka kwenye magari na bunduki fupi ni muhimu zaidi. Huo ndo uamuzi wenyewe, wewe wako ni mdogo tu.

Hatua ya 4: Acha kuchanganya urefu na usahihi

Hili limeshika mizizi. Bunduki za zamani zilikuwa ndefu, Mauser ya 1898 ilikuwa na mtutu wa milimita 740, na watu wakaamini urefu ndo ulikuwa unalenga. Ukweli urefu ule ulikuwa na sababu zake, singe ndefu ya kupambana na wapanda farasi, na saiti za chuma. Baadaye Wajerumani wenyewe wakashuka mpaka milimita 600 kwenye Karabiner 98k na bunduki haikuacha kugonga.

Chukua rula ya plastiki, ibane kwenye ukingo wa meza ikitokeza sentimita 26, igonge mwisho uone inavyotikisika. Irudishe mpaka zitokeze 20, igonge tena. Mtutu unafanya vile vile kila unapofyatua. Ugumu wa mtutu unapungua kwa kipeo cha tatu cha urefu, kwa hiyo mtutu wa unene ule ule ukiutoa inchi 26 ukawa 20, unakuwa mgumu zaidi ya mara mbili. Unene nao unaongeza ugumu kwa kipeo cha nne, ndo maana mitutu ya shabaha ni minene kama bomba. Mtutu mfupi mnene kwa ugumu wake hauna deni kwa mtutu wowote, na kwenye makundi ya mita 100 unaweza kumuaibisha mrefu mwembamba, hasa ukishapata moto.

Sasa kwa nini wazee walisema mrefu unalenga? Kwa sababu ya saiti za chuma, na hapo walikuwa sahihi kabisa. Ukiwa na saiti ya nyuma na ya mbele zilizoachana milimita 500, na jicho lako likakosea nusu milimita tu kuiweka saiti ya mbele katikati, kwenye mita 100 umekosea sentimita 10. Ziachanishe milimita 700, kosa lile lile linakuwa sentimita 7. Hapo hakuna mtutu uliobadilika ubora, ni jicho limesaidiwa. Ndo maana bunduki nyingi za mashindano za .22 utaona zina bomba la nyongeza mdomoni lisilo na mifereji ndani (ile michirizi inayoizungusha risasi), haliisukumi risasi wala haliongezi chochote, kazi yake ni kuisogeza saiti mbele. Ukishaweka darubini hoja hii yote inakufa.

Kwa hiyo kama shida yako ni makundi mapana usikimbilie urefu. Angalia ukingo wa mdomo wa mtutu kama umegongwa au una kovu, kovu dogo pale linaitoa gesi upande mmoja kabla ya mwingine na risasi inasukumwa kando. Pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao uone kama kuna mahali inakwama. Kaza skrubu za darubini. Jaribu risasi za aina tatu au nne tofauti, hili peke yake linaweza kukata kundi nusu. Na angalia kama mzunguko wa mifereji unaendana na uzito wa risasi unayotumia, risasi ndefu nzito inataka mzunguko wa haraka, isipoupata itagonga karatasi kwa ubavu hata kama mtutu una urefu wa mlingoti.

Hatua ya 5: Ibebe kabla hujainunua

Namba zote hapo juu unaweza kuzisoma ukiwa umekaa, hii hapana. Ichukue bunduki mkononi, ipandishe begani haraka mara kadhaa, izungushe kushoto kulia, kaa nayo, piga magoti nayo, ivae mgongoni uiname kama unapita chini ya tawi. Mtutu unaotokeza juu ya kichwa chako utaujua kwenye tawi la kwanza tu.

Uzito nao unahesabika. Mtutu mwembamba wa milimita 16 kwa kaliba ya 7.62 unabeba kama gramu 30 kwa kila inchi, ule mnene wa milimita 22 ni kama gramu 65. Inchi sita za mtutu mnene ni karibu gramu 400, na hizo gramu ziko mwisho kabisa wa bunduki ambako mkono unazisikia kuliko zingekuwa kwenye kitako. Ila tusiwe wepesi wa kulaani uzito wa mbele. Ukipiga umesimama bila kuegemea popote, mtutu mrefu wenye uzito kidogo mbele unatulia, hauchezi kwa kila pumzi, na ukimfuata mnyama anayetembea unateleza naye vizuri. Mfupi mwepesi unafika haraka kwenye shabaha na unapita haraka vile vile.

Kama utafunga sailensa, ihesabu sasa hivi. Nyingi zinaongeza sentimita 15 mpaka 20 mbele, kwa hiyo mtutu wa inchi 24 na sailensa unakuwa mjeledi, wakati wa 18 na sailensa unarudi kwenye urefu wa ile 24 ya kawaida. Hii kwa maoni yangu ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kwenda mfupi.

Kuna na njia ya tatu, bunduki zile ambazo boliti na magazini viko nyuma ya kifyatulio. Steyr AUG ina mtutu wa milimita 508 na bado bunduki nzima ni milimita 790, wakati M16A2 yenye mtutu wa urefu ule ule inavuka mita moja. Ila kifyatulio cha aina hii mara nyingi kinavutika vibaya kwa sababu ya vyuma virefu vinavyounganisha mbele na nyuma, ijaribu kwanza.

Hatua ya 6: Kelele, usiidharau

Ukifupisha mtutu gesi inatoka mdomoni ikiwa bado na shinikizo kubwa. Matokeo yake mlio mkali zaidi, mwako mkubwa zaidi, na lile wimbi la hewa linalokupiga usoni. Mlio wa bunduki kubwa bila sailensa uko kwenye desibeli 150 hadi 170, na sikio linaanza kuharibika papo hapo kwenye 140. Waingereza walipoikata Lee-Enfield yao wakapata ile No. 5 yenye mtutu wa inchi 18.8, ilibidi waiwekee kikombe cha kuzuia mwako mdomoni, na bado inakumbukwa kwa teke lake na mlio wake. Kinga za masikio uvae kila mara, hata kwa risasi moja, na ukiwa na mtutu mfupi wenye breki vaa mbili, za ndani na za juu. Jirani yako uwanjani naye anakuomba hivyo hivyo. Na mtu anayeogopa mlio wa bunduki yake anafumba macho kabla ya kufyatua, hapo sasa umepoteza usahihi kweli kwa sababu ya urefu.

Hatua ya 7: Sheria kwanza, fundi baadaye

Usikate mtutu mwenyewe. Sababu ya kwanza ni sheria, nchi nyingi zina urefu wa chini unaoruhusiwa na ukishuka hapo bunduki inahamia kwenye kundi jingine kabisa au inakuwa kosa la jinai. Marekani mpaka wa kawaida kwa raifo ni inchi 16 za mtutu na inchi 26 kwa bunduki nzima. Uingereza ni sentimita 30 na 60. Kwako inaweza kuwa vingine, uliza mamlaka ya leseni kabla hujaagiza chochote. Sababu ya pili ni ule ukingo wa mdomo niliousema, unatakiwa ukatwe sawasawa kwenye mashine. Na kwa bunduki zinazojipakia zenyewe kwa gesi kuna ya tatu, tundu la gesi limepangwa kulingana na urefu uliobaki mbele yake, ukikata unabadilisha muda ambao gesi inafanya kazi na bunduki inaweza kuanza kukwama. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kibali.

Hatua ya 8: Pima kasi yako, ya kwako

Ukishakuwa nayo, azima au nunua kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la risasi imepimwa kwenye mtutu wa majaribio, mara nyingi inchi 24, na wewe huna huo. Halafu mitutu miwili ya urefu ule ule, kampuni ile ile, inaweza kutofautiana mita 15 kwa sekunde, ambayo kwenye .308 ni zaidi ya inchi mbili za mtutu! Yaani unaweza kukutana na inchi 20 yenye mbio kuliko inchi 22 ya mwenzako, na ubishi wote ukaishia hapo.

Piga risasi kama 10 za boksi moja, ukiacha mtutu upoe kati yake, chukua wastani, andika na joto la siku hiyo kwa sababu baruti nyingi zinabadilika kasi kwa joto. Wastani huo ndo unauingiza kwenye programu ya kukokotoa kushuka kwa risasi, halafu uhakikishe uwanjani kwenye umbali wa mbali kabisa ulioandika kule hatua ya 2. Kama risasi zinagonga chini ya programu inavyosema, punguza ile kasi mita chache mpaka vikubaliane. Ukibadilisha risasi pima upya. Ukifunga au kutoa sailensa rekebisha darubini upya kwenye mita 100 kwa sababu mahali pa kugonga patahama, wakati mwingine si kidogo.